Robo Inchi ya Mtaa wa Furaha

Muoki aliposimama langoni mwa mtaa wa Furaha, kando ya barabara ya Outering, hakuona nyumba thelathini na mbili. Aliona nyumba moja iliyorudiwa mara thelathini na mbili, na moyo wake ukaruka kama wa mwizi wa kuku aliyekuta banda halina komeo. Paa moja, mlango mmoja, dirisha moja, rangi ile ile ya maziwa yaliyochacha.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba, kabla ya zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka, na Eastlands nzima, mashariki mwa Nairobi, ilikuwa na homa ya woluniti. Hilo ni lile kabati linalomeza ukuta mzima wa sebule, lenye mahali pa televisheni, pa redio, pa picha ya harusi, na pa glasi ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzinywea. Mtu aliweza kulala njaa Jumatano, lakini Jumapili wageni wa kanisani wakiingia, sharti macho yao yagonge mbao.

Muoki alikuwa tarishi katika ofisi ya wachora ramani mjini, mpaka ofisi ilipofungwa na mishahara ya miezi mitatu ndani yake. Wakubwa waliondoka na magari. Muoki aliondoka na kompyuta na printa. Watakaoita huo wizi waanze na wenye magari. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu ya kuchora nyumba: unaandika urefu wa ukuta, ukuta unasimama, unavuta kabati, kabati linakaa. Mpango wake haukuwa na kona nyingi. Angepima nyumba moja, achore mara moja, auze mara thelathini na mbili, kisha apotee.

Alipewa kiti kwa Mama Phelister, mwenyekiti wa akina mama wa Furaha, nyumba namba ishirini.

"Unauza nini?" Phelister aliuliza kabla hajaketi.

"Mimi siuzi, Mama Mwenyekiti. Mimi nachora."

"Wachoraji ni wengi. Hata matatu zimechorwa."

Muoki akawasha kompyuta aliyokuja nayo. Sebule ikatokea kwenye kioo, na ndani yake woluniti la mbao za mkangazi, limekaa ukutani kama limezaliwa hapo. Akina mama waliokuwa wamejazana mlangoni wakashusha pumzi kwa pamoja.

"Hiyo ni nyumba yangu kabisa!" alisema Lenah wa namba moja.

"Nimepima kwako asubuhi, dada. Ukuta wa futi kumi na mbili. Na nyumba zote si mapacha?"

Phelister alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka kumi na tisa, na hakumwamini mtu anayejibu haraka. "Sikiza, kijana. Kila nyumba itakupa elfu moja leo. Woluniti la kwangu uliweke hapa Jumamosi, wote wakiona. Likikaa, kila mmoja anakuongezea elfu nne hapo hapo. Lisipokaa, unarudisha zote, na sisi akina mama tutakusindikiza mpaka stesheni ya polisi."

Muoki alitabasamu kama aliyepewa pongezi. Kufikia jioni zile elfu thelathini na mbili zilikuwa zimelipia nusu ya pikap kuukuu. Nusu nyingine ingetoka Jumamosi, na Jumamosi hiyo hiyo pikap ingemshusha Mombasa, yeye na karibu laki moja. Kilichobaki ni woluniti moja tu la kweli, likae ukutani kwa mwenyekiti hata kwa nusu saa.

Alimpa kazi kwa mkopo Mzee Kisilu, seremala wa soko la Gikomba, mtu wa maneno machache na misumari mingi.

"Umepima ukuta wa huyo mama?" Kisilu aliuliza, akiangalia karatasi ya kompyuta kwa mbali, kama mtu aonyeshwaye nyoka.

"Nimepima namba moja. Zinafanana, mzee."

"Hata mapacha, mmoja hutangulia."

"Mzee, hii ni kompyuta. Haikosei."

"Sijasema kompyuta," alijibu Kisilu, akashika randa.

Jumamosi woluniti lilifika kwa mkokoteni, vipande vitatu, likinukia vanishi. Furaha nzima ilikuja. Waliokosa nafasi ndani walipanda dirishani. Kipande cha kwanza kikaingia na kuegemea ukuta. Cha pili kikashikana na cha kwanza. Cha tatu kikasimama katikati ya sebule kama shemeji aliyenyimwa kiti.

Kisilu alisukuma kwa bega, mara moja tu, kwa heshima. "Limekataa. Karibu inchi tano."

Phelister alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, na wanafunzi wake wa zamani wangejua kuwa huo ndio wakati wa kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Ni stima, mama," Muoki alisema. "Stima ya Nairobi unaijua. Nguvu ikishuka, futi nazo zinanywea."

"Zinanywea?"

"Kama sweta ya mtumba ikifuliwa."

"Basi washa tena. Tutangoja zipande."

Hapo Muoki ikabidi afanye kazi, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Aliwasha kompyuta kwenye meza ya Phelister, jasho likimtiririka mgongoni, akaanza kuikagua kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa wake mwenyewe. Labda programu ilihesabu kwa mita? Hapana, futi. Labda ilipima kutoka katikati ya unene wa ukuta, si usoni pa plasta? Hapana, usoni. Labda ilikuwa inakata zile inchi za mwisho ili ipate namba nzima? Aliizuia isikate, akauliza upya. Futi kumi na mbili kamili. Kompyuta ilikuwa na ukaidi wa shahidi asiyehongeka.

Alichukua tepu ya kupimia, akakimbia namba moja kwa Lenah. Futi kumi na mbili. Akarudi kwa Phelister, akapiga magoti, akapima. Futi kumi na moja na inchi saba na kidogo.

Muoki alibaki amepiga magoti. Halafu uso wake ukawaka, maana mjanja hata akianguka kisimani huangalia kama kuna la kuokota.

"Mama Mwenyekiti! Kabati halina makosa. Nyumba yako ndiyo ina makosa!"

"Nyumba yangu?"

"Fupi!"

Akina mama wakacheka, lakini Phelister hakucheka. Wakatoka wote, Muoki mbele na tepu, umati nyuma, wakaingia nyumba kwa nyumba. Namba mbili ilipungua robo inchi. Namba tatu, nusu. Namba kumi, inchi mbili na robo. Walipofika namba thelathini na mbili, ukuta ulikuwa umepoteza karibu inchi nane, na hakuna aliyekuwa anacheka isipokuwa mtu mmoja.

Huyo alikuwa Mzee Wekulo, askari wa lango, aliyeegemea rungu lake akicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mzee, kuna nini?" Phelister aliuliza.

"Mama, mimi nilijenga hizi nyumba. Mwaka wa sabini na nane. Nilibeba mawe hapa mpaka bega likalala. Msimamizi alikuwa na fimbo ya kupimia. Kila nyumba ikiisha anaipunguza kidogo kwa kisu, hivi, kama unachonga penseli. Mawe yanayobaki yanaondoka na lori Jumamosi jioni."

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mbebamawe haulizwi urefu. Anaulizwa mbona amechelewa."

Watu wakatazama chini. Mtu aliyejenga nyumba thelathini na mbili alikuwa analala vibandani Mathare na kuzilinda kwa rungu, na miaka yote hiyo walikuwa wakimwambia tu "niaje, mzee" na kupita.

Sasa jambo likawa zito. Wenyeji wa Furaha walikuwa wakinunua nyumba hizo kidogo kidogo kwa mwezi, mwaka wa kumi na nane sasa, na kampuni iliyozijenga ilikuwa imewaandikia barua kwamba kabla ya kupewa hati, kila mmoja alipe malipo ya mwisho, yahesabiwe kwa kila futi ya mraba. Futi ambazo hazikuwapo.

"Chapa," Phelister alimwambia Muoki. "Kila nyumba, karatasi yake. Kipimo cha kweli."

"Mama, wino wa printa ni..."

"Utachapa, au utarudisha elfu thelathini na mbili?"

Printa ikalia kama cherehani siku mbili mfululizo.

Jumamosi iliyofuata kampuni ilimtuma Bwana Perez, meneja mwenye suti ya kijivu na sauti ya kubembeleza. Mkutano uliwekwa kwenye uwanja ulio katikati ya nyumba. Lakini kabla ya mkutano Perez alimpungia Muoki mkono, akamwita nyuma ya gari lake.

"Wewe ndiye fundi wa kompyuta? Mashine hukosea, si ndiyo?"

"Mashine ni kama mtu, buda."

"Waambie hivyo. Programu ina hitilafu, vipimo si vya kutegemewa. Basi." Bahasha ikahama mfuko. Elfu ishirini. Muoki hakuwahi kukataa bahasha maishani. Aliona ni kukosa adabu.

Perez alisimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, kampuni inawapenda. Lakini hizi karatasi zimetoka kwenye kompyuta. Hebu mwenyewe atuambie. Kijana, mashine yako inaweza kuwa imekosea?"

Muoki akainuka. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme ndiyo, kwa ile sauti yake ya siagi, Phelister alipoinua kidole.

"Kabla hajajibu. Kama mashine imekosea, basi hata woluniti yetu yalipimwa kwa makosa, na hakuna biashara. Tunataka pesa zetu hapa hapa, sasa hivi. Lenah, funga lango."

Lango likafungwa. Mzee Wekulo akasimama mbele yake na rungu, akionekana kufurahia kazi yake kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Muoki alihesabu. Mfukoni mlikuwa na elfu ishirini. Akina mama walidai thelathini na mbili, na hizo zilikuwa zimeshageuka kuwa nusu ya pikap. Alimtazama Perez. Akamtazama Wekulo. Ndipo, kwa kukosa kabisa njia nyingine, akasema ukweli.

"Mashine haijakosea. Nimeikagua futi kwa mita, uso wa ukuta na katikati ya ukuta. Nimepima kwa tepu mara tatu. Nyumba zimeibiwa."

Kelele ikapasuka. Perez akawa mwekundu, akasahau suti, akasahau sauti, akapiga hatua mbele.

"Mshenzi wewe! Basi nirudishie bahasha yangu!"

"Bahasha gani, Bwana Perez?" Phelister aliuliza polepole, kama anayemwita mtoto mbele ya ubao.

Hakuna haja ya kusimulia mengine. Kabla lango halijafunguliwa, Perez alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba malipo ya mwisho yatafuata karatasi za Muoki, inchi kwa inchi. Bahasha ilichukuliwa na Phelister ikanunue mbao. Pikap iliuzwa kwa mtu mwingine, na muuzaji akaila ile nusu. Muoki naye akakabidhiwa kwa Mzee Kisilu, atengeneze woluniti thelathini na mbili, kila moja fupi kuliko lililotangulia kwa robo inchi, na asiguse kompyuta kabla ya kugusa ukuta.

Jioni ya siku ya kwanza, mikono ikiwa na malengelenge, alikuta Wekulo anamngoja.

"Kijana, njoo na tepu. Nalipa kodi ya chumba cha futi kumi kwa kumi kule Mathare. Nataka kujua kama zinatimia."

Muoki alifuata, amechoka mno kubuni kisingizio. Walipofika kichochoroni alikuta foleni: akina mama na ndoo, wanaume na viti, watu zaidi ya arobaini.

"Hawa nani?"

"Wapangaji. Wote wanalipa kumi kwa kumi. Niliwaambia injinia wa kompyuta anakuja. Wamelipa shilingi kumi kumi."

"Wamemlipa nani?"

Mzee Wekulo alipapasa mfuko wa koti lake la uaskari, nao ukalia vizuri.

"Anza na huyo wa kwanza," akasema. "Na usisome kwa sauti mpaka mwenye nyumba afike."