Uwanja wa Tenisi wa Udongo wa Kichuguu

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Meneja wa mkoa anakuja Jumamosi kukagua kiwanda chetu cha pamba. Anapenda tenisi kupita kiasi, kwa hiyo leo kikaoni tumeamua kumjengea uwanja. Na kiti cha msaidizi wa meneja hapa kiwandani kiko wazi! Wanaokitaka ni wawili: mimi, karani wa stoo, na Stanslaus wa mizani, mtu wa kujipendekeza. Stanslaus anasema uwanja uwe wa saruji. Saruji ipo wapi nchi hii? Mwingine kasema nyasi. Ng'ombe wa hapa Kagongwa watashukuru. Nimesimama nikatamka: udongo wa kichuguu. Ukikauka, mpira unadunda vizuri. Wamenipa kazi. Stanslaus kanuna.

Jumanne, 5 Novemba
Kichuguu kizuri kiko nyuma ya nyumba ya Mama Justina. Kakataa kabisa, anangoja kumbikumbi wa mvua. Nimemwahidi debe la dagaa wa Nkome, kule ziwani. Kakubali. Nkome kwenyewe sijawahi kufika.

Jumatano, 6 Novemba
Udongo umemwagwa na kusambazwa. Mwekundu, unapendeza! Sasa ushindiliwe. Nimeomba trekta lipite juu yake. Stanslaus, mwenye ufunguo, kasema trekta linaumwa. Nimeliona mchana likibeba kuni za mkewe.

Alhamisi, 7 Novemba
Akili ni mali. Trekta la nini wakati kuna miguu? Nimekwenda kwa Masele, kiongozi wa ngoma, nikamwalika aje kesho na kundi lake lote kucheza kwenye uwanja mpya. Wakikanyaga asubuhi nzima, udongo utakuwa mgumu kama sakafu. Bure! Akauliza nataka ngoma ipi. Nikajibu ile yenye nguvu kuliko zote. Akacheka, akanishukuru kwa Kisukuma: wabheja.

Ijumaa, 8 Novemba
Siku mbaya. Wamekuja na majembe. Bagobogobo! Ngoma ya wakulima. Jembe linarushwa juu, linadakwa, linashushwa ardhini, wote kwa pamoja. Nilipiga kelele waache. Wakadhani nawashangilia, wakaongeza kasi. Kufikia saa nne uwanja mzima ulikuwa matuta, tena yamenyooka. Nikamlaumu Masele. Akanijibu kwa upole, "Ndugu Valerian, ulitaka yenye nguvu. Sasa tungecheza bila jembe?" Jioni mvua ikanyesha. Nimelala bila kula.

Jumamosi, 9 Novemba
Meneja wa mkoa kashuka garini na raketi mkononi. Kayatazama matuta. Kauliza, "Nani amefanya hivi?" Nikanyoosha kidole upesi.

"Stanslaus," nikasema.

Meneja kaweka raketi chini. Kamshika Stanslaus mkono kwa mikono yote miwili. Kasema mikoani wote wanaimba wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, lakini huyu ndiye wa kwanza aliyegeuza starehe kuwa shamba. Stanslaus kainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mnafiki! Wamepigwa picha. Mimi nimeshika mwavuli.

Jumapili, 10 Novemba
Imetangazwa baada ya misa. Stanslaus ndiye msaidizi wa meneja. Nimeumia, sifichi.

Lakini nimepata somo: tenisi haiufai udongo wa kwetu. Gofu, je? Gofu haihitaji kushindilia chochote, ni mashimo tu. Nimemtumia salamu kwa basi shemeji yangu Marcelino, anayechimba dhahabu Geita, aje na wenzake wote kuchimba mashimo. Sikumwambia mashimo ni ya nini. Mashimo ni mashimo.