Valmorine ya Nakawa

Siku Rafiq alipogundua kwamba ulimi wa Bi Hindu uko machoni, alikuwa amekwenda Kasubi, hapa Kampala, kuchumbia kwa adabu, yaani kukaa sebuleni, kukohoa kidogo na kumtazama Sundus akipita na sinia.

Zawadi hakukosa. Alibeba odi, ile siagi nzito ya karanga na simsim wanayoisaga watu wa Kaskazini, aliyoinunua kwa Aloyo katika soko la Nakawa. Ilikuwa tamu mno. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki uliopigwa fundo, na kaveera yenyewe ilikuwa ndani ya gazeti la juzi.

Bi Hindu, mama yake Sundus, aliupokea mzigo kwa vidole viwili.

“Nini hiki, mwanangu?”

“Odi, mama. Ya kupaka kwenye mkate.”

“Sundus! Wapelekee kuku.”

Sundus aliipeleka jikoni, lakini kuku hawakuionja. Binti alikuwa na huruma, na kabatini kulikuwa na chupa tupu ya jamu ya Ulaya ambayo mama yake aliitunza kuliko vyeti vya shule. Akaijaza odi, akairudisha mezani pamoja na mkate na chai. Bi Hindu alipaka, akatafuna, akafumba macho.

“Ah! Hii sasa ndiyo siagi. Wenzetu wa Ulaya wametuacha mbali.” Kisha akamgeukia Rafiq kwa upole wa hakimu. “Unaona? Mimi sikuchukii, Rafiq. Lakini binti yangu haolewi na mtu wa vitu vya kufungwa kwa gazeti. Siku utakayofanana na kitu kama hiki,” akaigonga chupa kwa kijiko, “lete wazee wako.”

Mtu mwingine angeona ametukanwa. Rafiq aliona biashara, na ndani ya biashara aliona harusi. Huyu, lazima ujue, ni kijana aliyewahi kuwauzia miwani ya jua watu waliokimbilia kibandani kwake kujikinga na mvua, na wakamshukuru.

Kesho yake alikuwa mjini, kwenye kichumba cha Zéphyrin, mchapaji kutoka Bukavu, Kongo, aliyekuwa na Kiswahili cha kwao, kompyuta moja, printa mbili na subira kubwa. Rafiq alijitupa kwenye kiti cha plastiki.

“Nataka lebo. Jina liwe la Kifaransa.”

“Kifaransa ya nini?”

“Ya kutoeleweka. Andika Crème Valmorine.”

“Valmorine njo nini, patron?”

“Sijui. Ndiyo raha yake. Nyuma weka mlima wenye theluji. Mbele weka ng'ombe.”

Zéphyrin aliinua mkono kutoka kwenye kibodi. “Karanga haina maziwa.”

“Ndugu yangu, ng'ombe akishanona hivyo, nani atamuuliza anatafuta nini kwenye karanga? Sikiliza nikufundishe dunia. Kilichomo ndani ni karanga tu, kila mtu anazo. Mali ni karatasi ya nje.”

Zéphyrin alisikiliza. Alikuwa mtu wa kusikiliza sana, na Rafiq alidhani huko ni kukubali kushindwa.

Toka hapo akaenda Nakawa kwa Aloyo, akamwambia atakuwa anachukua sufuria nzima, kila mara, kwa bei ya kubembeleza. Aloyo alimenya karanga moja, akaila, akafikiri.

“Sawa. Wewe nachukua yote, bei nakata. Nyongeza yangu iko wapi?”

Hapo pana jambo. Sokoni kwetu Kampala hakuna mauzo yanayokwisha bila nyongeza. Ukinunua nyanya unasimama pale pale, mkono umeunyoosha, mpaka muuzaji akutupie mbili za juu. Asipokupa, unaondoka ukiwa na kinyongo cha mtu aliyenyimwa urithi. Kwa kawaida mnunuzi ndiye huongezwa. Lakini kwa bei ile Aloyo aliona haki imegeuka upande wake, na kusema kweli hakukosea.

Rafiq akajipapasa mifuko. Pesa hakutaka kutoa. Mkononi alikuwa na lebo za majaribio.

“Nipe hiyo karatasi ya ng'ombe,” Aloyo akasema. “Nabandika hapa kwa kibanda, inapendeza.”

“Hii tu? Chukua!” Rafiq akafurahi kama aliyeokota. Tangu siku hiyo nyongeza ya Aloyo ikawa lebo. Wachapaji nao huwa wanachapa za ziada kufidia zitakazoharibika, kwa hiyo Rafiq, ili asisumbuke kuzibeba, akamwambia Zéphyrin, “Zilizobaki mpelekee yule mama wa Nakawa moja kwa moja.” Ndivyo alivyowajulisha hao wawili, kwa mdomo wake mwenyewe, bila kulipwa udalali.

Odi ikaingia kwenye vichupa vya kioo vyenye vifuniko vya rangi ya dhahabu, na Valmorine ikaingia mjini. Rafiq alisema anaiagiza kupitia mtu anayemjua mtu. Bei yake ilikuwa ya kukutoa machozi, na nasi watu wa Kampala, tunaojigamba kwamba hatudanganyiki, tuliyatoa machozi hayo kwa furaha. Bibi mmoja wa Kabalagala alitangaza kwamba tangu aonje Valmorine hawezi tena kugusa odi, maana odi humletea kiungulia. Mimi mwenyewe ninayekusimulia, na ambaye naona umeanza kuniheshimu, nilimweleza jirani yangu kwa uso mkavu kwamba ukiilamba taratibu unaihisi baridi ya ule mlima. Jirani akasema hata yeye ameihisi.

Aliyeihisi kuliko wote ni Bi Hindu. Aliipanga kwenye kabati la vioo, ng'ombe wote wakitazama mlangoni, na akapeleka ujumbe: wazee waje, na kwenye masinia ya posa asikose kuona katoni za Valmorine.

Furaha ilimnyima Rafiq usingizi. Alipokwenda Nakawa kuchukua odi ya posa, Aloyo akamwambia mashine ya kusagia imeharibika. Guerschom, mwenye duka Kabalagala, naye akamwambia asilete mzigo mpya kwa sasa, anao wa kutosha. Mtu mwenye akili zake angejiuliza mzigo huo umetoka wapi. Lakini mtu anayeoa hana akili zake, na Rafiq alikuwa bado na katoni mbili stoo. Akazifuta vumbi, akazifunga utepe.

Siku ya posa mjomba wake, mzee Maftah, alisimama mbele ya wazee wa Kasubi akatoa hotuba ya kuliza. Alisema kijana wao hana mali nyingi, lakini ni mkweli. Wazee wakaitikia. Pilau ikanukia kutoka uani. Bi Hindu akachukua kichupa kimoja kwenye sinia, akakigeuza upande huu na ule, uso ukaanza kukunjamana.

“Stika iko wapi?”

“Stika gani, mama?”

Bi Hindu akaenda kabatini, akarudi na chake. Ng'ombe ni yule yule, mlima ni ule ule, lakini pembeni palikuwa na duara linalong'aa, ukiliinamisha linabadilika rangi kama mafuta kwenye dimbwi. Juu yake paliandikwa Authentique, na chini yake, kwa Kiswahili safi: Jihadhari na matapeli.

“Orijino ina stika,” alisema Bi Hindu. “Umeniletea feki, Rafiq. Kwenye posa ya binti yangu.”

Rafiq aliitambua kazi ya Zéphyrin kwa mbali. Kwa mara ya kwanza maishani alihisi uchungu wa mtu aliyeibiwa, akaona kumbe wizi ni dhambi kubwa sana, na serikali imelala. Machozi yalimlenga. Alimwona Sundus amesimama kwenye pazia, amevaa nguo mpya, akaona anampoteza hivi hivi. Akafanya kitu ambacho hakuwa na uzoefu nacho. Akasema kweli.

“Mama, Valmorine ni mimi! Naitengeneza mwenyewe. Ni odi ya Nakawa. Jina nililitunga nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Yule ng'ombe hata sijui ni wa nani!”

Kisha mzee mmoja akacheka, wa pili akafuata, na sebule nzima ikaangua kicheko. Mzee Maftah alifunika uso kwa kofia yake.

“Odi?” Bi Hindu alishika kiuno. “Mimi nile odi nisiijue? Mwanangu, kuleta feki ni umaskini tu, ningekusamehe. Lakini kuongopa mbele ya wazee!”

“Sundus, sema basi! Wewe unajua!”

Sundus alimpenda Rafiq. Lakini kusema hapo kungemlazimu aeleze habari ya odi ya kuku na chupa ya jamu, na mama yake alikuwa karibu sana. Akatazama kichupa cha mama, akatazama cha mchumba.

“Kwa kweli,” akasema polepole, “chako haking'ai.”

Bi Hindu akatoa hukumu. Wakala mkuu wa Valmorine yuko Nakawa. Wazee wataanza kula. Rafiq akirudi na mzigo wa kweli kabla sahani hazijaondolewa, hakuna aliyesikia upuuzi wake. Akichelewa, asihangaike kurudi.

Boda ilimfikisha Nakawa roho ikiwa mkononi. Kibanda cha Aloyo kilikuwa kimewekwa vioo na taa. Aloyo alivaa koti jeupe kama la maabara. Zéphyrin alikuwa nyuma ya kaunta, amefunga tai.

“Karibu, kastoma,” alisema Aloyo.

“Kastoma? Hiyo ni lebo yangu!”

“Ilikuwa yako. Wewe nanipa nyongeza. Nani narudisha nyongeza?”

“Patron, njo weye ulisema mali ni karatasi,” Zéphyrin akaongeza kwa heshima zote. “Siye tulishika masomo.”

“Nawapeleka polisi!”

“Twende,” alisema Zéphyrin, akilegeza tai. “Utawaelezea kama umeibiwa nini?”

Rafiq, yule muuza miwani ya jua, akajipapasa mifuko. Nyuma yake wateja walianza kunung'unika kwamba kuna mtu anachelewesha foleni. Kule Kasubi, pilau ilikuwa inaisha.

Akalipa. Alilipa bei kamili, ile ile aliyoipanga mwenyewe, na Aloyo akamkabidhi katoni mbili zilizofungwa vizuri. Mwenye boda alishawasha pikipiki. Rafiq akapiga hatua kuelekea mlangoni, akasita, akaweka katoni chini na kuzifungua. Akatoa kichupa cha kwanza, akakiinua kwenye mwanga, akakiinamisha kushoto, akakiinamisha kulia. Akachukua cha pili.

“Nini tena?” Aloyo akauliza.

“Subiri kwanza,” alisema Rafiq. “Naangalia usije ukawa umeniuzia feki.”