Moshi Mweusi Wiki ya Ngoma

Jumanne, 10 Oktoba

Moshi! Mweusi tii, kutoka bomba la kigari changu hadi kwenye shuka alizoanika Fumie, mke wangu. Petroli inanuka mpaka ndani ya supu. Kigari kina miaka thelathini na nne, na mara thelathini na moja kimebeba ngoma ya mtaa wetu kwenye sikukuu ya hekalu. Hapo ndipo balaa lilipo. Kibali cha barabarani kinaisha Ijumaa. Kigari kisipopita ukaguzi wa moshi kule Matsuyama, Jumapili ngoma itabebwa na gari la Shigematsu. Shigematsu! Mtu aliyehamia hapa juzi tu, mwaka 1996.

Fumie anasema nikipeleke kwa fundi. Fundi wa nini? Miaka arobaini napogoa michenza. Injini na mti ni ndugu, vyote ukivinyima hewa vinanuna. Wiki jana tu nimegundua kwamba kile kifundo cha choki, kile unachokivuta asubuhi ya baridi ili injini ipewe petroli zaidi, ni ndoano nzuri ya kutundikia mfuko wa chakula. Nani anavuta choki Oktoba? Leo nimetia humo na spana kumi na mbili. Mfuko mmoja, chakula na hospitali. Akili ni mali.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimepanda mlima kwenda shambani. Kigari kinakohoa, moshi kama jiko la kuni mbichi. Nikasimama, nikauchukua mfuko wangu wa spana, nikafunua kiti (injini iko chini yake). Injini inanguruma kama paka aliyeshiba! Nikafunika, nikautundika mfuko, nikaondoka. Kikohozi kilekile! Kinajifanya kizima mbele ya daktari. Mjanja kweli.

Nimetoa plagi. Nyeusi kama tako la sufuria. Maana yake petroli nyingi, hewa haba. Basi ni chujio la hewa, nikalitia kwenye mashine ya kufulia. Sikuona kwamba koti la sikukuu la Fumie limo humo. Lilikuwa jeupe.

Fumie akaniuliza mfuko huo nitauning'iniza pale mpaka lini. Nikamwambia asinichanganye, niko kazini. Mtu akikasirikia koti hutafuta la kusema.

Alhamisi, 12 Oktoba

Shigematsu amekuja, mikono nyuma, na pakiti ya biskuti za mchele, kama aliyekuja msibani. "Pole, jirani. Uzee hauna dawa," akasema. Akakitazama kigari. "Nasema gari." Kisha akaomba ngoma iletwe uani kwake Jumamosi apime kamba. Nikamjibu hapa hakuna maiti, arudishe kamba zake kabatini. Biskuti nimekula. Tamu, bahati mbaya.

Nimefungua kabureta, kile kikombe kinachoichanganyia injini petroli na hewa. Mle ndani mna boya dogo linalopima petroli. Nikakunja ulimi wake kidogo, petroli ikamwagika yote kwenye buti langu. Nikaukunjua. Nimeongeza kwenye mfuko koleo kubwa, nyundo na spana ya bomba. Sasa mfuko mzito kama ndoo ya maji. Na moshi umezidi! Ugonjwa unaenea haraka kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 13 Oktoba

Matsuyama. Foleni. Mkaguzi ni binti mwenye kofia na adabu nyingi. Akaingiza kipimo bombani. Taa nyekundu. Unaruhusiwa kurudia, mara tatu kwa siku moja. Nikazunguka, nikiomba miungu yote ninayoijua na mingine nisiyoijua. Nyekundu tena.

Mara ya tatu, ya mwisho. Nasema kweli, machozi yalinilenga. Niliona ngoma juu ya gari la Shigematsu na mimi nyuma, kwa miguu, napiga makofi na wanawake wa kwaya.

Binti akainama dirishani. "Samahani sana, mzee wangu, mizigo hairuhusiwi ndani wakati wa kupima." Akaushika mfuko kwa mikono miwili, akauondoa kwa kuguna. Kifundo cha choki kikarudi ndani: tak! Injini ikatulia. Moshi ukakata. Taa ya kijani!

Binti akakitazama kifundo, akautazama mfuko, akanitazama mimi. Akashauri, kwa upole mkubwa, kwamba labda mfuko ukae kitini. Nikamwambia nami nilikuwa nikiushuku tangu Jumanne.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimewaeleza majirani nilivyougundua ugonjwa. Unashuku kila kitu, unaondoa kimoja kimoja, hadi mhalifu abaki peke yake. Walinisikiliza midomo wazi. Fumie alikuwa akikatakata figili, akapaliwa mara mbili. Shigematsu alinipongeza kwa kuinama sana. Nadhani alikuwa akificha uso.

Jumapili, 15 Oktoba

Ngoma! Mara ya thelathini na mbili! Mimi usukani na glovu nyeupe, ngoma nyuma yangu inatikisa kioo, watoto wanakimbia pembeni. Nililia. Nilimwambia Fumie ni jasho, akanipa leso bila kubisha.

Kwenye mlima wa hekalu gari la Shigematsu, lililobeba pombe ya wazee, lilizimika. Bila moshi, bila kikohozi. Akasema betri imeisha, gari lake linaenda kwa umeme tu, litachajiwa. Kila mgonjwa ana visingizio vyake. Nimelala chini yake nusu saa nikitafuta kabureta. Halina! Namuuliza, anasema halijawahi kuwa nayo tangu aliponunua.

Maskini wa Mungu. Hasira zangu zote zimeyeyuka. Mtu ameuziwa gari lenye pengo, na kwa aibu alikuwa akinyamaza. Ninayo kabureta ya akiba ghalani. Kesho alfajiri, kabla hajaamka, nakwenda kumfungia garini.