Kura ya Kuhama

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Tunahama! Shemeji Fursa amenipigia simu mchana nikiwa dukani, nimelala kwenye godoro la maonyesho kumwonyesha mteja jinsi lisivyobonyea. Simu ndiyo iliyoniamsha. Mteja alikuwa ameshaondoka.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Jina la Fursa tumempa sisi, maana hamalizi sentensi mbili bila kulitaja neno hilo. Anasema mjini kwake mambo ni moto: kazi ndizo zinazotafuta watu. Nami nisionekane mnyonge, nikamwambia hata huku si haba, sasa mimi ndiye mkono wa kulia wa bosi, na sebule tumeipanua. (Tumetoa kabati. Lakini imepanuka.)

Jioni nimemweleza mke wangu akiwa anakata vitunguu. Nikaanza mbali, na habari za hali ya hewa ya kule. Akauliza swali moja tu: tukifika, asubuhi ya kwanza nitaamka niende wapi? Nikamwambia mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Akasema hajauliza methali. Akaendelea kukata vitunguu.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu anasema jambo kubwa kama hili haliamuliwi na mtu mmoja. Hapo hapo nikaona upenyo. Nimetangaza kura! Alhamisi, baada ya chakula. Wapiga kura ni watano: mimi, mke wangu, binti mkubwa, kitindamimba, na mama mkwe, aliyekuja kukaa wiki mbili tu, wakati huo kitindamimba hajazaliwa. Kitindamimba sasa yuko darasa la tatu.

Kampeni imeanza vizuri. Kitindamimba nimemwahidi mbwa. Binti mkubwa, chumba chake mwenyewe, chenye kufuli. Akataka kujua kama kufuli litanizuia na mimi. Nikasema hasa mimi. Mama mkwe nikamkumbusha kwamba huko atakuwa karibu na mwanawe. Akasema yule kamzaa yeye mwenyewe, na akikwambia kwake kuna maziwa, nenda na ng'ombe wako.

Nimemweka kwenye kundi la wale ambao hawajaamua.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kura. Sufuria safi, imefunikwa kwa kitambaa. Mimi ndiye tume, mimi ndiye mlinzi, mimi ndiye mwenye hoja. Kwa tahadhari tu, nilitia vikaratasi viwili vya Ndiyo mapema. Sufuria tupu inavunja moyo.

Kitindamimba akahesabu kwa sauti. Ndiyo, tatu. Hapana, nne. Watu watano, kura saba! Nimeiba na bado nimeshindwa. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupata aibu ya namna hii.

Binti mkubwa akagundua kwamba kura tatu zimeandikwa kwa wino wa kijani, na kalamu ya kijani ninayo mimi, ya dukani, sikioni. Nikasema huenda bibi yao, kwa macho yale, kapiga zaidi ya mara moja. Mama mkwe akaomba aletewe fimbo yake. Mke wangu akaamuru turudie, kwa kunyoosha mikono. Mkono wangu ukabaki peke yake hewani, kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

Kitindamimba kaniuliza kama mbwa bado yupo.

Ijumaa, 7 Machi

Wengi wape, wanasema. Ni sawa, lakini wengi hawana maono! Nimepata dawa. Mtu akishaaga, habaki. Basi nimeaga. Nimeacha kazi!

Bosi alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yakimng'aa. Huzuni, bila shaka. Akanipa foronya mbili za zawadi, akauliza kama ninaweza kuondoka leo leo badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Alikuwa tayari kunifungulia mlango.

Nikampitia Jirani Pasi makusudi, nimwone anavyoumia. Huyu jamaa hana kazi tangu kiwanda chao kifungwe, lakini shati lake halijawahi kuonekana na kunyanzi. Mke wangu humtolea mfano wa unadhifu kila ninapotoka nyumbani. Pasi alitaka kujua kila kitu: dukani tunafungua saa ngapi, bosi anapenda mtu wa namna gani, chai yake anaweka sukari kiasi gani. Nikamjibu yote, kwa ukarimu wa mtu anayeondoka. Wivu ule!

Nyumbani sijasema. Nangoja wakati mzuri.

Jumapili, 9 Machi

Wakati mzuri haukuningoja. Majirani wamekuja kutuaga, Jirani Pasi mbele, wamebeba sanduku kubwa la safari, jipya. Aliyewafungulia mlango ni mke wangu. Akaisikiliza hotuba ya kuagwa kwake mwenyewe akiwa ameshika mwiko. Akawashukuru. Akawapa chai. Akawasindikiza hadi nje, akarudi, akafunga mlango polepole.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi juu ya lile sanduku, akaniambia kwamba yeye haogopi kuhama, angehama hata kesho. Anachoogopa ni kuniona nimeketi barazani kwa watu asubuhi, nimevaa viatu, nikijifanya nangoja mtu. Baba yake alikaa hivyo mwaka mzima, na wao watoto walikuwa wanapita kwenda shule wakijifanya hawamwoni.

Hilo sikulijua. Miaka yote hii! Nilijisikia vibaya sana, kweli kabisa. Nikamwahidi kwamba kesho alfajiri ninakwenda kuomba kazi yangu. Huzuni ilinijaa hadi nikakataa kuongezewa chakula. Nilikataa mara ya kwanza, yaani.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi yangu ina mtu. Jirani Pasi! Amevaa beji yangu, jina langu limefunikwa kwa kipande cha karatasi. Nilipofika alikuwa anamtilia bosi chai. Na sukari alipatia.

Mbaya zaidi, anauza. Yeye halali kwenye godoro. Anamlaza mteja, anamfunika, anaondoka kidogo, mteja akiamka ananunua. Hadi saa sita alikuwa ameuza matano. Miaka kumi na moja nimekuwa nikilala mimi!

Bosi amenihurumia. Kuna nafasi ya mbebaji: kupeleka kwa wateja magodoro anayouza Jirani Pasi. Nikajibu kwa heshima kwamba mtu wa hadhi yangu anahitaji muda wa kufikiri. Nikafikiri hadi mlangoni. Nikarudi.

Jumatano, 12 Machi

Mgongo wangu! Pasi anauza kwa kunikomoa. Leo kaniuzia ghorofa ya nne mara mbili, na mara ya pili godoro likakwama kwenye ngazi, mimi nikiwa upande wa chini. Nilikaa pale hadi mwenye nyumba alipotaka kupita. Nilipokuwa chini ya godoro nikawaza: huko kwa shemeji, kazi zinatafuta watu. Nimempigia. Simu haipatikani. Atakuwa kikaoni.

Mke wangu kanikanda mgongo, na kila akikanda anacheka kidogo. Mama mkwe akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia shida yangu ni mgongo, si sikio.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimetoka kazini nikakuta mlangoni kwangu mabegi, madumu, vyungu, na juu ya mabegi ameketi Shemeji Fursa. Na mkewe. Na watoto watatu. Wamehama!

Kumbe kule hana kazi tangu mwaka jana. Siku ile alipiga simu kunisikilizia tu. Aliposikia habari za mkono wa kulia wa bosi na sebule iliyopanuliwa, akaona mwenda bure si mkaa bure. Akaniomba nimwonyeshe hiyo sebule. Alikuwa amesimama ndani yake.

Nikamwambia amefanya upumbavu. Kumhamisha mke na watoto bila hata fununu ya kazi! Nilichemka kwelikweli. Mke wangu akanitazama hadi nikanyamaza. Mama mkwe akamkumbatia mwanawe kwa machozi, kisha akauliza ng'ombe yuko wapi.

Mke wangu na wifi yake wakanong'ona jikoni. Baada ya chakula, kura nyingine. Watu kumi, kwa kunyoosha mikono, sufuria hairuhusiwi. Hoja: mimi na Fursa tuhamie stoo ya uani, wanawake na watoto wapate pa kulala, hadi kila mmoja wetu awe na jibu la swali la asubuhi. Mikono minane kwa miwili. Kitindamimba alinyoosha yote miwili, wakamshusha mmoja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimehama! Hatimaye. Stoo ina dirisha, baiskeli mbovu na mimi. Lile sanduku la safari tumelifanya meza. Godoro katuletea Jirani Pasi, lenye kasoro, na shati limenyooka.

Asubuhi mke wangu aliniletea chai. Akaketi ukingoni mwa godoro, akatuangalia, akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka. Anapocheka najua bado nina kwangu. Akaniambia nisichelewe magodoro. Akasema leo nimeamka na pa kwenda, na hilo kwake ni jibu. Nikilishikilia hadi mwisho wa mwezi, nitarudi ndani. Nilitaka kulia. Nimeapa mbele ya baiskeli: siondoki tena hapa.

Mchana Fursa kaniambia kuna mji wa tatu. Hajawahi kufika, lakini hajasikia mtu yeyote aliyerudi kutoka huko akilalamika. Nikasema jambo kubwa kama hili haliamuliwi na mtu mmoja. Tumepiga kura, kwenye kikombe cha chai.

Wapiga kura, wawili. Hapana, hakuna. Ndiyo, nne! Ushindi wa kishindo.