Hotuba ya Kuzindua Yai la Herman

Herman wangu ametambaa sasa hivi tu mpaka kwenye kiota cha kuku, akachomoa yai, akalikumbatia kama mtu aliyeokota redio. Bibi yake, mama mkwe wangu Verediana, akamnyang'anya: "Mtoto asiyesema hali yai! Ulimi utakuwa mzito." Lakini nesi Agatha wa kliniki alisema uzito umeshuka, apewe yai kila siku. Na kubishana na mama ni utovu wa adabu. Basi nimevaa koti la mume wangu Bura, nimepanda juu ya kigoda, leo mimi ni mgeni rasmi.

Mheshimiwa Mama, Mwenyekiti wa Maisha wa jiko hili, Mheshimiwa Jogoo, Kamanda wa Ulinzi na Usalama, waheshimiwa kuku wajumbe, Mheshimiwa Mbuzi uliyeingia bila mwaliko, ndugu Herman, mlengwa wa mradi, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Herman anapiga sufuria.)

Nimesafiri kutoka makao makuu, pale mlangoni, kuja kuzindua Mradi Shirikishi wa Kulainisha Fikra na Kupitia Upya Imani za Siku Nyingi, Kijiji cha Hirbadaw, Awamu ya Kwanza, mradi ambao kwa mujibu wa data umeshafanikiwa kwa asilimia mia moja na nne, kwa sababu nausimamia mimi mwenyewe, na mimi, ndugu wananchi, nina fikra laini kuliko wote, na kwa hilo sijawahi kubadili msimamo tangu nizaliwe! (Vicheko. Mama: "Shuka, utavunja kigoda!")

Wataalamu wangu wamefanya risechi ya kina. Wamebaini kwamba Bura alilishwa yai mapema, akaanza kusema akiwa na miaka mitatu. (Mama: "Si nilikwambia?") Lakini ripoti ina ukurasa wa pili! Dada yake Tekla hakuonja yai, alikunywa uji mtupu wa ulezi. Yeye alianza kusema lini? (Mama anakuna kichwa: "Tekla... Tekla alifika minne. Haya, jamani! Na siku hizi nani anaweza kumnyamazisha?" Vicheko virefu. Mama anageukia jiko, yai bado mkononi, anachochea kuni chini ya sufuria ya maji.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa asubuhi hii, naahidi kwamba ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha kila mtoto atakuwa na yai, kila yai na kijiko, na kila bibi semina yenye chai na maandazi mawili! Fikra laini oyee! (Mama: "Oyee!" Imemtoka tu.) Imani za siku nyingi? ("Tuziangalie kwanza," anasema polepole.)

Namalizia kwa kuwashukuru wafadhili, ambao sijawahi kuwaona, na ofisi ya mradi, ambayo haijajengwa, kwa kuwa mradi wenyewe, niseme kweli mbele ya mama yangu, haupo na haujawahi kuwepo, kuna yai moja tu na mtoto ambaye uzito wake ulioshuka unaninyima usingizi, na kama mama ataona vema, mimi naomba tumpe hata nusu ya hilo—

"Mama Herman! Acha hotuba, njoo umshike huyu, namenya na bado lina moto!"