Antena Isiyotaka Kuachiwa

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ameitwa redioni! Jumamosi saa nne asubuhi, kipindi cha wanawake na kazi zao. Atazungumzia ushonaji. Kipindi ni cha moja kwa moja na hakirudiwi. Alipomaliza kupokea simu alikaa juu ya rundo la sare za shule alizokuwa akizitia vifungo. Nikampongeza. Nikamwambia nimejua siku nyingi kwamba ana sauti ya redio. Akauliza kama ni sauti hiyohiyo ninayolalamika kila siku kwamba inanipasua kichwa.

Tatizo ni redio yetu. Stesheni hiyo hapa nyumbani haishikiki. Mtangazaji anasema maneno mawili, halafu kinaanza kitu kama mafuta ya moto kikaangoni, halafu maneno mawili mengine. Mke wangu akasema basi nikamsikilize kwa kaka yake, pale saluni, redio yake iko safi. Shemeji yangu huyu ni kinyozi. Huniita Injinia tangu siku niliyotengeneza pasi yetu, na anajua fika kwamba pasi yenyewe haikupona.

Mimi nikamsikilize mke wangu wa ndoa nikiwa benchini kwa shemeji, katikati ya watu wanaongoja kunyolewa ndevu? Thubutu! Nimempigia simu mama mkwe, nimemwalika Jumamosi kwangu. Nimemwambia naweka antena ya nje. Nilipokata simu ndipo nikaanza kujiuliza antena ya nje ikoje.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata elimu yote kazini. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, na dereva wetu wa lori anajua kila kitu. Kasema: fimbo mbili za alumini, zipangwe mstari mmoja, katikati pawe na nafasi. Waya wa ndani wa kebo kwenye fimbo moja, ule wa nje kwenye nyingine. Weka juu kwenye mti mrefu, shusha kebo hadi kwenye redio. Basi. Watu wanasomea nini miaka yote hiyo?

Fimbo nimezipata bila kutoka nyumbani. Bomba la pazia la chumbani kwetu ni alumini tupu. Msumeno umelipitia kama mkate.

Mke wangu aliporudi alikuta pazia limekunjwa vizuri kitandani. Nikamweleza kwamba yote hii ni kwa ajili yake. Akasema jengo la mbele sasa linatuona tukiwa kitandani. Nikamwambia Jumamosi si mbali. Ametundika shuka dirishani kwa misumari, na kila pigo la nyundo alikuwa akinitazama mimi.

Jumatano, 6 Machi

Siku ngumu. Kebo niliyopata ilikuwa vipande vitatu, nikavisokota ncha kwa ncha na kuviringisha utepe. Kwenye fimbo nako nikasokota, nikaviringisha utepe. Utepe ulifanya kazi kubwa leo.

Paa letu ni la zege, bapa, na Bibi wa Juu analihesabu kuwa chumba chake cha nne. Huyu ni jirani yetu wa ghorofa ya mwisho, muuguzi mstaafu. Kamba zake za nguo zimejaa kote. Akasema mti niliousimika, wa kimo changu tu, umesimama mahali pa mablanketi yake. Tumebishana hadi koo zikakauka. Mwishowe nikamruhusu afunge kamba moja kwenye mti wangu, akakubali kama mtu anayenifanyia hisani.

Kisha majaribio. Mke wangu chini dirishani, mimi juu nimeshika antena. Akaita kwamba inasikika safi, kama mtangazaji yuko jikoni. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaachia ili nishuke nikasikie. Akaita kwamba imeharibika. Nikashika, safi. Nikaachia, kikaango.

Shemeji akatokea, eti kapita kusalimia. Akapanda, akachungulia, akasema: "Shemeji, hapa kwenye kiungo waya umelegea. Nitakuletea mashine ya kulehemu, ni kazi ya dakika moja."

Nikamwambia yeye ni mtu wa nywele. Suala hapa ni mwili. Kuna watu miili yao ina umeme fulani, na inaonekana mimi ni mmoja wao. Ili kumthibitishia nikamwambia ashike yeye. Akashika mti kwa chini, kikaango. Nikashika mimi juu, pale penye utepe, nikabana vizuri, safi! Shemeji alinitazama kwa muda mrefu akashuka zake. Nadhani alikuwa na wivu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetafuta cha kushika antena badala yangu. Nimeuvalisha mti koti langu la kazi. Hapana. Nimetundika sufuria lenye maji. Hapana. Bibi wa Juu akanisaidia na blanketi bichi, au pengine alikuwa anaanika tu. Hapana, na sufuria limemwagika juu ya nguo zake. Leo tumemaliza maneno yote tuliyokuwa tumebakiza.

Mama mkwe amefika na begi lake. Amekaa mbele ya redio iliyozimwa, amekunja mikono, tayari kwa kesho. Shemeji ametuma salamu kwamba benchi liko wazi.

Jioni mke wangu alikuwa akipiga pasi gauni la kesho. Akaniambia bila kuinua kichwa: "Baba watoto, mimi nataka unisikie wewe. Wengine wakisikia, wasisikie, shauri yao."

Nikamwambia nitasikia kila neno. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 9 Machi

Sebule ilijaa. Mama mkwe, Bibi wa Juu (kwa redio amenisamehe), na shemeji, aliyefunga saluni ili aje kuniona nikiaibika. Saa nne ikafika. Muziki wa kipindi, jina la mke wangu, kisha kikaango. Watu wote wakanigeukia mimi.

Nikapanda ngazi mbio. Nikashika. Nikasikia shangwe chini. Nikasema sasa nishuke nami nikasikie mke wangu, nikaachia, zikapanda kelele utadhani nyumba inaungua. Nikashika tena. Nikauliza kupitia ngazini anasema nini. Mama mkwe akanijibu ninyamaze na nisitikisike.

Hivyo ndivyo kilivyopita kipindi. Jua kichwani, shuka za Bibi wa Juu zikinipiga usoni, mkono ukafa ganzi. Nilisikia wakicheka mara moja. Halafu wakanyamaza kwa muda. Halafu wakapiga makofi. Nikiwa kule juu nilijisikia mpweke, nitasema ukweli.

Niliposhuka mama mkwe alikuwa anafuta macho. Kumbe mtangazaji alimwuliza mke wangu kuhusu mumewe! Nikaomba niambiwe alivyojibu. Mama mkwe akasema mambo kama hayo hayarudiwi na mtu mwingine. Bibi wa Juu akasema hakudhani mimi ni mtu wa namna hiyo, akakataa kueleza namna ipi. Shemeji akanipa mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaondoka bila kuniita Injinia.

Mke wangu akaingia, viatu mkononi. Kabla ya salamu akaniuliza kama nimemsikia.

Nikasema nimemsikia.

"Nilisema nini juu yako?"

Nikasema alisema vizuri sana.

Akanitazama. Akakaa, akaanza kusugua miguu yake. "Sirudii," akasema.

Jumapili, 10 Machi

Chai nimejimiminia mwenyewe.

Mchana, simu. Stesheni wanamtaka tena Jumamosi ijayo! Wasikilizaji wamempenda. Mke wangu akaja kunisimamia mlangoni. Kasema atayarudia maneno yale redioni, mara moja tu, kwa sababu yangu, na safari hii nikae mbele ya redio kama watu. Nimeapa.

Saa moja baadaye shemeji akaleta mashine ya kulehemu. Nimemshukuru, nikamrudishia. Mtu hagusi antena inayofanya kazi vizuri hivi.

Nimefikiri sana nikaliona kosa la jana. Nilisimama. Mtu aliyesimama mkono unamchoka, na mkono ukichoka masikio hayatulii. Nimeshapandisha kiti paani.