Ndege ya Mjomba Kutoka Mwanza

Ndugu Mhariri wa Jedwali la Umbali wa Miji,

Pokea salamu kutoka Mwembesongo, Morogoro. Mimi ni Pazi Said, mwalimu mstaafu wa jiografia. Ninakuandikia bila hasira; hasira yote anayo mke wangu, Mwanvita.

Tovuti yenu inasema kwamba Mwanza hadi Morogoro kwa ndege ni saa moja na ushei. Shemeji yangu Abeid, mkazi wa Mwanza, aliyasoma hayo akayaamini. Yaliyotupata ni haya:

1. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayetamka neno la kupokea posa. Baba, yaani mimi, huonyesha wageni pa kuvulia viatu. Kabla ya posa ya binti yetu Asia, Abeid alituma ujumbe: "Shemeji, chai nakunywa Mwanza, pilau nakula kwako. Msiteue mtu wa kunisemea." Hatukuteua.

2. Wazee wa kijana Rashidi walifika kutoka Gairo na gunia la karanga. Wakati huo Abeid, na kanzu yake, alikuwa uwanja wa ndege wa Mwanza akibishana na dada wa tiketi. Dada alimwambia, "Baba, ndege ya abiria ya Morogoro mimi sijawahi kuiona." Naye akajibu, "Binti, mtandao umeiona!" Huku kwetu wageni walikula, wakasubiri, wakala tena, kisha wakaondoka na posa yao. Tangu siku hiyo Asia anakatakata nyanya kama vile zimemtukana.

3. Ninyi mnapima mstari ulionyooka. Niliufundisha miaka mingi, naufahamu: haujui matuta, haujui mizani, wala abiria anayeomba kuchimba dawa. Nilichukua atlasi na rula nikauchora. Ndugu Mhariri, mstari wenu unapita Gairo! Maana yake ni kwamba mjomba angewapita wageni wake kwa juu.

4. Kwa hiyo naomba mtuletee ndege hiyo. Kwa kuwa inapita Gairo, itue iwachukue wazee. Na ikishatua Gairo, haina sababu ya kuja Morogoro. Sisi tutaifuata hukohuko na sufuria la pilau. Mkishindwa, ifuteni Morogoro kwenye jedwali, kisha mwende wenyewe kuwaomba radhi wazee wa Rashidi, kwa usafiri huohuo mliouandika.

Nisalimie wote ofisini, hasa aliyeshika kikokotoo. Mwambie simchukii, ila aonje barabara.

Ni mimi, ninayesubiri kwa adabu,
Pazi Said

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, Abeid ameteremka stendi ya Msamvu kwa basi. Anasema basi lilipata pancha Gairo. Akashuka kunyoosha miguu, akawakuta wazee wa Rashidi sokoni, wakaketi juu ya magunia ya karanga, posa ikaletwa naye akaipokea kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi sikuulizwa, kama kawaida. Tairi lilipokuwa tayari, shughuli ilikuwa imekwisha. Nilimuuliza ilichukua muda gani. Akasema saa moja na ushei.

Asia anaimba jikoni. Tafadhali, jedwali msiliguse. Mwanvita anaomba tu mwongeze Gairo.